Ijaza na Leseni

Baina ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, palifanywa jaribio ambalo wenye lugha iliyotumika ndani yake wamelizungumza kidogo mno. Watoto wapatao 2,700 walipewa kila mmoja kishikwambi chenye programu ya kusomesha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mitambo ya umeme wa jua iliwekwa vijijini ili vifaa hivyo vipate kuchajiwa. Mwalimu hakuwapo, na kutokuwapo kwake hakukuwa upungufu wa mpango. Ndiko hasa kulikokuwa kukijaribiwa. Shindano hilo liliandaliwa na taasisi ya XPRIZE ya Marekani kwa fedha za tajiri Elon Musk, dola milioni 15 kwa jumla, na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zikashiriki katika kuliendesha. Waliotaka kushinda walitakiwa waonyeshe kwamba mtoto aliye mbali na skuli anaweza kujifunza kusoma akiwa na mashine, pasi na mtu mzima wa kumsomesha.

Matokeo yake si ya kudharauliwa. Kabla ya kuanza, takriban watoto watatu katika kila wanne walieleza kwamba hawajapata kuhudhuria skuli, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imeshuka kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 washindi wawili, onebillion yenye watu wa Kenya na Uingereza, na Kitkit School ya Korea Kusini na Marekani, waligawana dola milioni 10 za tuzo kuu. Mwenye kushikilia kwamba mashine haiwezi kusomesha, basi, ana ubishi na watoto wa Tanga, nao walikwisha mjibu.

Lakini liko swali jingine, kongwe kuliko umeme, ambalo jaribio lile halikulijibu kwa kuwa halikuulizwa. Mtoto anayesomeshwa na mashine yumo katika dhima ya nani?

Neno dhima limekaa Pwani muda mrefu hata likasahau kwamba lilikuja kwa jahazi. Mtu akisema jambo fulani limo katika dhima yake, hasemi tu kwamba ni kazi yake. Kazi huachwa saa yake inapokwisha; dhima humfuata mtu nyumbani, hulala naye, na kwa imani ya wengi ataulizwa habari yake hata baada ya kaburi. Ualimu katika miji ya mwambao ulijengwa juu ya neno hili kabla haujajengwa juu ya ubao na chaki. Mzazi wa zamani alipompeleka mwanawe chuoni, alimkabidhi kwa maneno mazito: nyama yako, mifupa yangu. Msikilizaji wa leo hutetemeka akiyasikia, na ana haki ya kutetemeka, kwani nyuma ya maneno hayo ilisimama bakora, na iko migongo iliyoonewa kwa jina la elimu. Jambo hilo lisifunikwe. Hata hivyo, yamo mengine katika makabidhiano yale yanayostahiki kutazamwa kabla hayajatupwa pamoja na bakora. Walikuwapo watu wawili, kila mmoja akimjua mwenziwe kwa jina la baba na la babu. Kilichokabidhiwa kilitajwa, na mipaka yake ikatajwa. Mwalimu na mzazi waliswali msikiti mmoja na kununua samaki diko moja. Mtoto akifika siku ya kuhitimu naye hajui kitu, baba alijua ni mlango gani wa kubisha, na mwalimu alijua kwamba utabishwa.

Katika daraja za juu za elimu makabidhiano hayo yalikamilishwa kwa ijaza. Neno lenyewe maana yake ni ruhusa. Sheikh humruhusu mwanafunzi akisomeshe kitabu fulani kwa namna alivyokisoma kwake, na yeye sheikh alikwisha ruhusiwa na sheikh wake, na yule na wake, mlolongo ukirudi nyuma hadi kumfikia mtunzi. Ndiyo njia waliyoipita wanavyuoni wa mfano wa Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyesomesha Unguja na kufariki mwaka 1925. Aghalabu husifiwa heshima anayoipata mwenye kupewa ijaza. Linalosahauliwa ni hatari anayojitia mwenye kuitoa, kwani tangu siku hiyo kila kosa la mwanafunzi huweza kurudishwa kwake: huyu alisoma kwa nani? Swali hilo lina jibu, na jibu lake ni jina la mtu.

Waliobuni mashine za kusomeshea hawakuwa maadui wa mwalimu. Wengi wao walianza kwa kumhurumia mtoto. Tarehe 11 Novemba 1953, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alikwenda kukaa nyuma ya darasa la hesabu la binti yake, siku ambayo akina baba walialikwa skuli. Akaona waliokwisha maliza wamekaa bure, na walioshindwa wanahangaika na karatasi zao, na wote pamoja wakingojea hadi siku ya pili kujua nani amepata na nani amekosa. Akarudi nyumbani na muda si muda akaunda kisanduku ambacho mtoto hupewa swali moja moja, hujua papo hapo kama amepata, na huenda kwa mwendo wake mwenyewe. Mwaka 1960 chuo kikuu cha Illinois kilianza kuitumia kompyuta kwa kazi hiyo, katika mradi wa Donald Bitzer ulioitwa PLATO. Na mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chicago alichapisha makala ambayo hadi leo watafiti wa fani hii hurejea kwake kama mahujaji: mwanafunzi wa kawaida akisomeshwa peke yake na mwalimu wake, akihimizwa asiondoke katika somo kabla ya kulimudu, huwapita asilimia 98 ya wale wanaosoma katika darasa la kawaida. Wengine waliopima baada yake hawakukuta tofauti kubwa kiasi hicho. Lakini Bloom alikuwa na hoja iliyo nzito kuliko hesabu yake, nayo ni kwamba hakuna jamii inayoweza kumlipia kila mtoto mwalimu wake peke yake. Tangu hapo mashine imekuwa ikitafutwa ili ishike nafasi ya yule mwalimu asiyeweza kulipiwa.

Fadhila ya kwanza inayosifiwa katika mashine hizi ni kwamba hazichoki. Sifa hiyo inataka kupimwa, kwa kuwa Kiswahili hakiwezi kuiita subira bila ya kujikosesha adabu. Subira ni kukivumilia kitu kinachouma. Mwalimu anayemweleza mtoto kwa mara ya saba tofauti ya herufi mbili zinazofanana, na njaa imembana, na wanafunzi sitini wako nyuma yake, na mshahara bado haujatoka, anatoa kitu kilicho chake. Mtoto hujua kwamba amepewa, hata kama hana neno la kulisemea jambo hilo hadi atakapokuwa mtu mzima. Mashine inayoeleza mara ya sabini haikutoa kitu, kama mto usivyokuwa karimu kwa kupitisha maji.

Hoja hiyo isishikwe kwa pupa, maana inampendelea binadamu kuliko anavyostahiki. Mwenye kiu haulizi kama mto ni karimu. Yuko mtoto mwenye kigugumizi ambaye kila akifungua kinywa darasa zima hucheka. Yuko kijana mkubwa aliyechelewa kuanza, akaketishwa na wadogo zake. Yuko msichana aliyeambiwa na mwalimu mwenyewe kwamba hesabu si zake. Watu hawa, mbele ya kioo cha mashine, hupata kitu ambacho hawajapata kupewa na yeyote: mahali pa kukosea bila ya kuonekana. Faida hiyo ni ya kweli, na mwalimu mkali ndiye aliyeifanya iwe faida. Mtu asiitukane mashine kwa kutokuwa na moyo, ilhali mwenye moyo aliutumia kumfedhehesha mtoto.

Ila faida hiyo hutoka chemchemi moja na upungufu wake. Mashine haimwaibishi mtoto kwa kuwa hakuna mtu ndani yake wa kumwona. Na asiyeweza kukuona ukikosea hawezi pia kukuona ukipatia. Programu hizi zimejaa pongezi, nyota, kengele na makofi. Mtoto akiandika neno sawasawa huambiwa hongera. Hongera katika matumizi ya lugha hii ni neno la mtu kwa mtu: anayelitamka amefurahi, au walau ana adabu ya kujifanya amefurahi. Hapa hakuna aliyefurahi na hakuna aliyejifanya. Mtoto wa miaka saba hawezi kuipambanua hongera ya namna hiyo na ile ya nyanya yake.

Atakayetaka kubisha ana hoja moja kubwa, na ni bora ikabiliwe kwa uso kuliko kuachwa mlangoni. Kitabu nacho? Kitabu hakichoki, hakimjui msomaji wake, hakitamuulizia akipotea. Washairi na wafasiri wangapi wa mwambao huu hawakuwa na mwalimu ila kamusi iliyochanika jalada na vitabu vya kuazima? Hata lawama zinazotupiwa mashine leo zilikwisha tupiwa maandishi. Katika Phaedrus, kitabu alichokiandika Plato yapata miaka 2,400 iliyopita, Sokrati analalamika kwamba maandishi yakiulizwa hunyamaza, au hurudia neno lile lile, na kwamba hayajui yaseme na nani na yamnyamazie nani. Wanadamu walisoma lalamiko hilo katika kitabu, na wakaendelea kusoma.

Aliyejisomea, basi, hakuwamo katika dhima ya mtu. Ni kweli, na yeye mwenyewe hulijua hilo kuliko mtu mwingine: hujua kwamba hapana wa kumlaumu, na kwamba ujinga wake ni mali yake. Kujua huko ndiko kulikomkomaza. Kitabu hakikupata kumdanganya juu ya jambo hilo. Kilikaa rafuni kimya, na jina la mtunzi wake jaladani, na yeyote aliyeona kosa ndani yake alijua aligombane na nani. Mashine ya leo haikai kimya. Lalamiko la Sokrati imelitibu: ukiiuliza hujibu, na hugeuza jibu kwa kadiri ya muulizaji. Humwita mtoto kwa jina lake. Husema nimekuelewa. Imechukua lugha yote ya uhusiano na kuuacha uhusiano wenyewe. Hapo ndipo kitabu na mashine zinapoachana njia, na aliyejisomea kwa vitabu hawezi kutolewa ushahidi wa kuitetea mashine.

Mtu wa kwanza kushituka kwa jambo hili alikuwa mhandisi mwenyewe. Joseph Weizenbaum, Myahudi wa Berlin ambaye jamaa zake walikimbia utawala wa Wanazi mwaka 1936, aliandika katika miaka ya 1960 huko MIT programu ndogo iliyoweza kuzungumza kwa kuandikiana. Haikuelewa kitu, ilichukua maneno ya msemaji ikayageuza kuwa swali. Siku moja katibu wake, aliyeshuhudia programu hiyo ikitengenezwa na aliyejua vyema kwamba ni mchezo wa maneno, alimwomba bwana yule atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Weizenbaum hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima cha kuonya, na hoja yake haikuwa kwamba kompyuta hazitaweza. Alisema kwamba hata zikiweza, ziko kazi zisizofaa kukabidhiwa, zile zinazotaka mtu amfahamu mwenziwe na amhurumie.

Jina alilolipa programu yake linastahiki kutuliwa. Aliiita ELIZA, kwa jina la muuza maua katika tamthilia ya Bernard Shaw, Pygmalion, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1913. Profesa wa matamshi, Higgins, anamchukua binti wa mitaani na kumsomesha azungumze kama bibi wa tabaka la juu. Watu hukumbuka masomo. Aghalabu husahau kwamba masomo yale yalikuwa dau: Higgins alitaka kumwonyesha rafiki yake kwamba anaweza. Binti anafuzu, dau linaliwa, mabwana wawili wanapongezana usiku ule mbele yake kana kwamba hayupo chumbani, na hapo ndipo anapouliza, kwa hasira, sasa yeye atakuwa nani. Kuuza maua hawezi tena, na ubibi hana mali ya kuuendesha. Higgins anashangaa kwamba kuna swali. Alisomesha vizuri, labda kuliko mwalimu yeyote wa London. Alichokosa ni kile kimoja tu ambacho baba wa chuoni alikitaka kabla ya kumwachia mtoto.

Tanga halikuwako dau, lilikuwako shindano, na waandaaji wake walikuwa na nia njema kuliko Higgins. Lakini umbo la jambo halikuachana sana. Nusu ya watoto wasiojua neno walijifunza; waliotengeneza wakatuzwa. Nusu ya pili ilibaki kuwa upande wa chini wa asilimia. Katika chuo, hata kibovu, mtoto aliyeshindwa hujulikana kwa jina. Mwalimu hulijua, wenziwe hulijua, mama yake hulilia. Katika jaribio, aliyeshindwa ni tarakimu, na tarakimu yake ina faida kwa kuwa humsaidia mtafiti kurekebisha programu itakayomfaa mtoto mwingine.

Kuna jambo la pili ambalo utafiti wa miaka ya karibuni umelitoa nje, nalo huwagusa zaidi wenye kupenda ushairi. Kusomesha si kutoa tu, ni kunyima. Mwaka 2004 watafiti wa Carnegie Mellon huko Pittsburgh waliandika juu ya wanafunzi waliogundua kwamba programu ya hesabu, ukiibana kwa kuiomba dokezo baada ya dokezo, mwishowe hulitema jibu. Wakawa wanabonyeza tu, na kujifunza kwao kukapungua. Miaka 20 baadaye, katika utafiti uliofanywa Uturuki na kutolewa mwaka 2024, karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari waligawiwa makundi katika somo la hesabu. Waliopewa akili mnemba wazungumze nayo watakavyo, walipata katika mazoezi alama za juu kwa asilimia 48 kuliko wasiopewa. (Jina hilo la akili mnemba, kwa mtu wa Unguja, halikosi kumkumbusha kisiwa kidogo kilichoko mbele ya Matemwe.) Ikaondolewa siku ya mtihani, wakapata pungufu ya asilimia 17 kuliko wale ambao hawakupata kuigusa kabisa. Kundi la tatu lilipewa mashine hiyo hiyo ikiwa imeamrishwa isitoe jibu, itoe vidokezo tu vilivyotayarishwa na walimu. Hao mazoezini walizidi maradufu na zaidi, na mtihanini hawakudhurika.

Mtu mwenye kujua namna tungo zinavyofundishwa hastaajabu. Kijana humpelekea mtunzi mzoefu shairi lake. Mkubwa husoma, huhesabu kimoyomoyo, halafu hulirudisha: ubeti wa tatu unachechemea. Haonyeshi ni mshororo gani. Kijana hurudi nyumbani na usiku kucha huhesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane, hadi anaikuta silabi iliyopotea, na silabi hiyo hataisahau maisha yake. Mashine ya leo huihesabu mizani 16 kabla mtu hajafumba jicho, na ikiombwa huandika ubeti mzima wenye vina vya kati na vya mwisho, uliokaa sawa kama kaniki iliyopigwa pasi. Tatizo si kwamba ubeti huo ni mbovu, ingawa mara nyingi ni mbovu. Tatizo ni kwamba kijana hakunyimwa.

Watengenezaji watasema kwamba dawa imekwisha patikana: mashine iamrishwe inyime, kama ilivyofanywa Uturuki. Dawa hiyo ni nzuri na inafaa itumiwe. Ila kunyima ni haki, na haki hiyo haipatikani bure. Mwenye kumnyima mtoto jibu analolijua, akamwacha ahangaike, anaweza kuwa mwalimu wake na anaweza kuwa dhalimu wake. Tendo ni moja. Linalowatofautisha ni kwamba mwalimu atakuwapo kesho kuona kama mahangaiko yale yalizaa kitu, na yasipozaa atajua kwamba amekosea yeye. Ataacha kunyima, atakaa kitako, ataeleza upya. Anayo ruhusa ya kumuumiza mtoto kidogo kwa sababu maumivu hayo yamo katika dhima yake. Mashine inayonyima kwa amri imeazima haki hiyo kutoka kwa mtu. Kwa nani?

Hapa yafaa kurudi Tanga kwa jambo moja dogo. Sharti mojawapo la shindano lilikuwa kwamba programu za waliofika fainali ziwekwe wazi, mtu yeyote azichukue, azitumie na azibadilishe pasi na malipo. Sharti hilo lilikuwa la heshima. Mali iliyozaliwa kwa jasho la watoto wa kijijini haikufungiwa kabatini. Programu za namna hiyo hutolewa chini ya leseni, na leseni nayo, kama ijaza, maana yake ni ruhusa. Maneno mawili, moja la Kiarabu na moja la Kizungu, yamekuja Pwani kwa njia mbali mbali kusema jambo moja. Lakini soma masharti. Leseni zitumikazo sana, mathalani ile ya Apache ya mwaka 2004, zina ibara mbili karibu na mwisho. Ya kwanza husema kwamba programu inatolewa hivyo ilivyo, bila ya dhamana ya aina yoyote. Ya pili husema kwamba aliyeitoa hatabeba madhara yatakayompata mtumiaji. Ijaza humfunga mwenye kutoa, leseni humfungua.

Hapana mtu mbaya katika kisa hiki. Mhandisi wa Seoul au wa London hawezi kumdhamini mtoto asiyemjua, katika nyumba asiyoiona, na lau ibara zile zisingekuwapo wengi wasingethubutu kutoa kazi yao bure. Tena wengi wao hukosa usingizi kwa ajili ya watoto hao kuliko baadhi ya walimu wenye kulipwa. Sheria haisemi kwamba hawana dhamiri. Inasema kwamba mzazi hana mlango wa kubisha. Dhima haikufutika kwa kuja kwa mashine, kwa kuwa mtoto angalipo na bado anahitaji kuulizwa habari yake. Imegawanywa vipande vidogo vidogo baina ya mtengenezaji, mfadhili, mtafiti, wizara na kampuni ya kifaa, kila mmoja akishika kipande kisichotosha kumfanya asimame na kusema: huyu ni wangu.

Na kipande kidogo kabisa, ambacho taarifa za tuzo hukipitia mbio, kilishikwa na watu wa pale pale. Katika vijiji vya jaribio walichaguliwa akina mama wakakabidhiwa kituo cha umeme wa jua na vishikwambi vya watoto, wavichaji na wavitunze. Hawakutakiwa kusomesha, ingekuwa kuharibu jaribio. Hakuna aliyewapima, kwa kuwa hawakuwa sehemu ya kilichokuwa kikipimwa. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumiwa na makarani navyo viligawiwa, na safari hiyo vilipelekwa kwa walimu, mikononi mwa watu ambao dhima wanayo tayari, wapende wasipende. Kama vimetumika ipasavyo ni mjadala wa peke yake. Lakini mzazi mwenye malalamiko juu ya kishikwambi cha mwalimu anajua aende wapi, na mzazi wa kijijini Tanga mwaka 2018 alijua pia: kwa mama yule mwenye ufunguo wa kituo, aliyekabidhiwa kifaa, na ambaye kwa desturi za watu wake mtu hakabidhiwi kifaa cha mtoto akamkataa mtoto. Kama alikuwako mtoto aliyekwama siku tatu kwenye herufi moja, akaona haya kuwaambia wenziwe, mlango aliokuwa nao wa kubisha ulikuwa ni huo.